Upande wa Kulia wa Baba

Tarehe 6 Machi

Mwanangu mpenzi,

Nilifika salama. Basi lilichelewa saa tatu na miguu ikavimba kama mikate, lakini nilipoilaza juu ya mto ikapona yenyewe. Wewe u hali gani? Kikohozi kimekuacha? Usinijibu "kidogo tu", maana hilo jibu nilikufundisha mimi.

Najua utasema kwa nini nisipige simu. Kwenye simu mimi na wewe tunaambiana "salama, salama" kisha tunakata. Nikishika kalamu nasema.

Dawa ya macho natia kama ulivyoniagiza, asubuhi na jioni. Inawasha. Baba yako mdogo Sekunde anakusalimu sana, na mama yako mdogo pia. Tangu Sekunde afunge kibanda chake cha kutengeneza saa hana kazi nyingine ila kuja hapa kukosoa kazi yangu. Jana alipima mkia wa ndege kwa rula mara tatu, akasema umepinda nusu milimita. Nikamwambia hata yeye amepinda, na mkewe hajalalamika.

Uliniambia wenzako kazini waliuliza baba yako anarusha nini, ukashindwa kuwaeleza. Waambie hivi: ni ndege ndogo zisizo na injini. Unasimama ukingoni mwa mlima upepo ukipanda kutoka bondeni, unaitupa, upepo unaibeba, na wewe unaiongoza kwa rimoti. Basi. Wazee wengine wanacheza bao.

Hii ya mwaka huu ndiyo kubwa kuliko zote nilizojenga. Mabawa yana mita tatu. Mwili uko juu ya meza ya kulia, mimi nala chakula jikoni nimesimama. Mabawa yako chumbani kwa marehemu mama yako, maana ndiko vumbi haliingii. Na kwa kuwa upepo wa Mei ni mkali, nimechonga nafasi tumboni mwa ndege ya kuwekea vipande vya risasi, ile metali nzito, kilo moja na nusu, ili isipeperushwe kama karatasi.

Siku ya Mteremko, ile ya kila mwaka ya kurusha mbele ya watu, itakuwa tarehe 12 Mei. Na nikupe habari: nimechaguliwa kuongoza msafara wa mwisho. Ndege ishirini na moja hewani kwa pamoja, yangu mbele. Lakini Mwenyekiti wa chama chetu, yule mpima ardhi mstaafu, kaleta kanuni mpya. Kila aliyepita miaka sitini alete barua ya mpima macho. Aliisema akinitazama mimi, au labda nilidhani tu.

Ile karatasi uliyoitoa kwenye mashine ya kupimia macho huko kazini kwako sikuielewa. Ulisema "tutaongea", na hatukuongea. Sasa nifanyeje?

Ni mimi baba yako.

*

Tarehe 19 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefurahi umefika. Kikohozi kimekwisha, kweli kimekwisha, muulize yeyote hapa kazini. Nisalimie Baba Mdogo na Mama Mdogo, na umwambie Baba Mdogo ile saa aliyonitengenezea haijakosea hata siku moja.

Barua yako nimekaa nayo siku nne kabla ya kujibu.

Siku ile ulipoweka kidevu kwenye mashine, nilikwambia ubonyeze kitufe kila ukiona taa. Mimi nilikuwa nyuma yako. Taa zilikuwa zinawaka pembeni, moja, nyingine, nyingine, na wewe umetulia, kidole hakitikisiki. Ulikuwa unangoja zianze. Baba, ni presha ya macho. Imekula pembeni. Mbele unaona vizuri, lakini unaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na upande wa kulia ndio mbaya zaidi. Dawa itazuia isiendelee. Kilichokwenda hakirudi. Ndiyo maana ulimwaga chai yangu mara mbili mezani ukasema kikombe nimekiweka vibaya.

Ilinipasa kukuambia palepale. Watu wengine wote huwa nawaambia palepale.

Lakini nakumbuka mwaka ule Mama alipotutoka. Ulikuwa unakaa kwenye kiti cha jikoni tangu asubuhi, hata mapazia hufungui. Nilipika, nikamwaga. Kisha Baba Mdogo akaja na bawa lililovunjika kwapani, akasema, "Nisaidie kushika hapa mpaka gundi ikauke." Ulilishika saa mbili nzima. Siku hiyo ulikula. Mimi siwezi kuwa mtu wa kukunyang'anya hicho.

Kwa hiyo nisikilize. Mpima macho wa huko atakusomesha herufi ukutani. Herufi utazisoma zote. Habari za pembeni hataziuliza, na wewe usizianzishe.

Ila kwa sharti moja. Baba Mdogo asimame kuliani kwako kila unaporusha, asiondoke hata hatua moja, akuambie kila kilichoko upande ule. Na umweleze kwa nini. Mweleze wazi, Baba, kama nilivyokueleza mimi.

Mwanao akupendaye.

*

Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Kazi zinakwendaje? Mimi sijambo kabisa, nimepungua tumbo kwa kupandapanda mlima.

Barua ya macho nimepata! Yule mpima ni bwana mmoja mwenye haraka kama anakimbiwa na basi. Kanikalisha, nikasoma herufi mpaka mstari wa mwisho, kisha nikamsomea na jina la kiwanda kilichochapa lile bango, maandishi madogo kama chawa. Akacheka, akagonga muhuri. Mwenyekiti aliipokea, akaniomba radhi. Akasema, "Mzee, ni utaratibu tu."

Baba yako mdogo nimemwambia. Usiwe na wasiwasi.

Ndege imekamilika isipokuwa rangi. Nimeipiga msasa siku nane, vidole havina alama tena, nikiiba benki hawatanikamata. Juu itakuwa nyeupe na chini nyekundu, ili ikigeuka nijue imegeukia wapi. Mota ndogo za kugeuzia mkia kazifunga Sekunde kwa vifaa vyake vya saa, na lenzi yake jichoni, akiimba kwa pua tupu. Hakuna anayefunga mota kama yeye. Wenzetu wote wako hivyo hivyo sasa hivi. Mfamasia anapaka gundi nyuma ya duka lake, wateja wanalalamika dawa zinanuka. Daktari wa Ng'ombe naye anajenga ya sita. Zile tano zote zilirudi nyumbani kwenye mfuko.

Jumapili tulipanda kujaribu. Upepo ulikuwa safi, ukisimama ukingoni shati linajaa. Niliitupa, ikakaa hewani dakika arobaini. Dakika arobaini, mwanangu! Sikufikiria kitu kingine chochote. Hata mama yako sikumfikiria, na niliposhuka nikaona aibu kidogo.

Kulitokea kajambo kadogo wakati wa kutua. Ncha ya bawa iligusa mlingoti wa kitambaa cha kuonyesha upepo. Walikuwa wameuhamisha bila kuniambia. Nimeshaziba, huwezi kuona palipovunjika.

Baba yako.

*

Tarehe 17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hapa ni wazima.

Mlingoti waliuhamishia upande gani? Na siku hiyo Baba Mdogo alikuwa amesimama wapi?

Tena umeandika kwamba umemwambia. Hukuandika alisema nini. Baba Mdogo mtu wa maneno yote yale, hakusema kitu?

Nijibu kabla ya tarehe 12. Tafadhali, Baba. Mistari miwili inatosha.

Mwanao.

*

Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Sina la kuulizia afya. Mwenyekiti aliniambia ndiye aliyekupigia simu kukupa habari. Na wewe umenipigia mara nyingi, nimeiona simu ikizunguka mezani, sikuipokea. Baba yako mdogo alizikwa siku ya pili yake, kwa hiyo hata ungepanda basi saa ileile usingemkuta.

Nitakuandikia ilivyokuwa, mara moja, na usiniambie niirudie.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Zote ishirini na moja zilikuwa hewani. Watu walikuwa wengi nyuma yetu, na watoto mabegani mwa baba zao. Tulikuwa tumeshazunguka mara mbili, mimi mbele. Sekunde alikuwa amesimama kuliani kwangu. Ndege ya Daktari wa Ng'ombe ikaanguka, kama kawaida yake, chini ya ukingo upande wa kulia. Watu wakacheka. Sekunde naye akacheka. Akasema, "Ngoja nimwokotee huyu, magoti yake mabovu."

Nikamwambia, "Haya."

Kanuni yetu ni kwamba mtu akishuka anapiga kelele "mtu chini", na ndege zote zinakwenda kushoto mpaka apande. Alipiga kelele. Nilimsikia. Nilikwenda kushoto kama wengine nikakaa huko, nikasubiri, mpaka nikaona muda umepita na lazima atakuwa amepanda. Nikatazama mteremko. Mteremko niliouona ulikuwa mtupu. Nikauliza, "Kweupe?", yaani hakuna mtu chini. Hakuna aliyejibu, maana anayenijibu siku zote ni yeye. Mimi nikachukua ukimya kuwa ndiyo.

Nikaishusha kwa ule mpito wa mwisho, ule wa kasi, wa chini kabisa, ambao watu huupigia makofi. Makofi niliyasikia yakianza. Kisha nikasikia kitu kama mlango wa kabati kufungwa kwa nguvu. Rimoti ikawa nyepesi, hakuna kinachoitika. Mimi nilidhani nimegonga mlingoti tena.

Nilimwona pale nilipogeuza kichwa chote. Alikuwa na ile ndege ya Daktari kwapani bado.

Alifariki garini kabla ya hospitali. Daktari wa Ng'ombe alimshika kichwa njia nzima, akimwita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo mimi, rafiki yake wa miaka thelathini, nilikuwa nimelisahau.

Polisi walikuja. Mwenyekiti akazungumza nao kabla yangu. Kasema upepo ulikatika ghafla, ndege ikakosa kushikika, na marehemu alikuwa mahali asipostahili kuwa. Akawaonyesha na barua yangu ya macho. Askari akaandika, akanisomea, akaniuliza, "Ndivyo, mzee?" Nikatia sahihi.

Mama yako mdogo alikuja hapa siku ya tano. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Shemeji, usijilaumu. Upepo hauna mwenyewe."

Baba yako.

*

Tarehe 2 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimekawia kukuandikia, na si kwa sababu ya kazi.

Barua yako niliisoma chooni kazini, nimefunga mlango, kisha nikanawa uso nikarudi kwenye mashine. Aliyekuwa ananingoja alikuwa dereva wa basi. Nikampima. Akawa kama wewe, Baba. Taa zinawaka, yeye ametulia. Nikamweleza kuwa hawezi kuendesha tena kuanzia leo, na kwamba lazima nimwandikie mwajiri wake. Alilia mbele yangu, mwanamume mzima, akaniambia ana miaka ishirini na sita barabarani hajakwaruza hata kuku. Nikampa kitambaa. Nikaandika ile barua.

Karatasi yako iko kwenye droo yangu tangu Februari, chini ya bahasha tupu. Nimeitoa. Ni nyeusi pembeni kote, katikati kuna kajitundu keupe, na kulia hata kajitundu kamebanwa. Mtu yeyote wa kazi yangu akiiona, hahitaji kuelezwa.

Nilikuambia usianzishe habari za pembeni. Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Sijui kama barua ile bado unayo.

Nina swali moja, na nakuomba kwa heshima zote unijibu ukweli. Ulisema umemwambia Baba Mdogo. Kama alijua kwamba yeye ndiye upande wako wa kulia, kwa nini aliondoka?

Mwanao.

*

Tarehe 15 Julai

Mwanangu,

Hakujua.

Nilikwenda kwake nikiwa na nia. Alikuwa kibarazani anafunga mota za mkia, lenzi jichoni. Nikasema, "Sekunde, macho yangu siku hizi yanachoka." Akasema, "Hata yangu. Sisi si wa jana." Nikasema, "Itabidi usimame nami karibu siku ile." Akasema, "Nimesimama nawe karibu miaka thelathini, leo nihamie wapi?" Akacheka, akaniomba nimshikie bisibisi. Nikamshikia.

Hayo ndiyo niliyomwambia. Yote. Nikarudi nyumbani nikakuandikia kwamba nimemwambia.

Unaniuliza kwa nini. Ningemwambia wazi angenivua rimoti papo hapo, maana ndivyo alivyokuwa, asingesubiri mpima macho wala Mwenyekiti. Mimi nilitaka msafara ule. Nilitaka kuwa mbele mara moja, halafu ningeacha. Kila asubuhi nilijiapia hivyo nikipiga msasa.

Mama yako mdogo anakuja kila Ijumaa. Ananiletea chakula, anafagia vumbi la mbao ambalo mimi silioni, anakaa. Anaongea habari za marehemu tu. Wiki iliyopita alisema nyumba yake ina kelele sasa, kwa sababu zile saa zilizobaki kibandani kazileta ndani na hajui kuzizima. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Usiniambie nimwambie. Najua ndicho unachotaka. Amebakiwa na mtu mmoja wa kuongea naye, na mtu huyo ni mimi. Nikimwambia atabaki na nani? Niache nizeeke na hili, miaka yenyewe si mingi.

Baba yako.

*

Tarehe 1 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Jumatatu niliingia ofisini kwa mkuu wangu na karatasi yako. Nimemweleza kila kitu. Nimesimamishwa kazi, na huenda nisirudishwe. Usinipe pole.

Humu ndani utakuta vitu viwili. Cha kwanza ni hiyo karatasi ya mashine. Cha pili ni bahasha niliyoifunga, ya Mama Mdogo. Nimemwandikia niliyoyafanya mimi: nilichokiona, nilichokuambia, nilichokificha. Yako sijamwandikia. Yako ni yako.

Umesema amebakiwa na wewe tu wa kuongea naye. Baba, haongei na wewe. Anaongea na mtu ambaye ndege yake ilichukuliwa na upepo, na mtu huyo hayupo.

Ningeweza kuituma kwake kwa posta. Nimekupa wewe uipeleke kwa mkono kwa sababu bado ni baba yangu na sitaki upigiwe hodi kabla hujapiga. Lakini mwezi ukiisha bila kusikia kitu, nitapanda basi nije nimwambie mwenyewe.

Mwanao.

*

Tarehe 22 Agosti

Mwanangu,

Nimekwenda.

Nilichagua Jumanne, siku asiyonitarajia, ili asiwe amenipikia. Njia ile naijua, lakini nilijikwaa mara mbili, na mara ya pili mama mmoja akaniuliza kama nimelewa saa tatu asubuhi. Alifungua mlango akasema, "Shemeji! Ingia, kuna baridi." Zile saa kweli zina kelele, ziko ukutani, juu ya kabati, mpaka dirishani. Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasema.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Macho. Karatasi. Mpima macho mwenye haraka. Kwamba nilijua tangu Machi. Kwamba mumewe alishuka mbele ya mtu asiyeona upande ule, na mtu yule alisema "haya". Kwamba upepo haukukatika. Upepo ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Hakunikatiza. Aliichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku. Akauliza jambo moja tu.

"Yeye alikuwa anajua?"

Nikasema, "Hapana. Nilimficha."

Akakaa. Nilidhani atapiga kelele, au ataniita jina, nilikuwa tayari. Alisema polepole, kama anayejisemea, "Miezi mitatu namtukana." Sikuelewa. Akasema, "Kila asubuhi naamka namtukana marehemu. Mzee mzima wewe, miaka yote hiyo ya ndege, unatembeaje mbele ya ndege? Umeniachaje kwa uzembe kama huo? Hata kaburini sijaenda tangu siku ile, kwa hasira. Na wewe kila Ijumaa unakaa pale unakula, unanisikiliza nikisema ana kichwa kigumu, unatikisa kichwa."

Ni kweli, mwanangu. Hilo sikukuandikia. Alikuwa akisema hivyo, na mimi nilikuwa natikisa kichwa.

Kisha akanyanyuka akafungua mlango akausimamia. Bahasha yako nikaiacha juu ya kabati. Nilipofika nje akasema, "Jumatatu saa nne niko kituo cha polisi. Na wewe uwepo. Utayasema tena haya, mbele yangu, na mbele ya yule aliyeandika upepo." Akafunga.

Nimemweleza Mwenyekiti. Akasema, "Mzee, umetumaliza." Kisha akasema, "Nilikuangalia pale ukingoni ukikaa kushoto. Niliona umeanza kurudi. Nikadhani umemwona." Naye atakuja Jumatatu.

Nguo yangu ya heshima nimeinyosha mwenyewe. Usije kwanza. Nataka niingie mle ndani bila mtu wa kunishika mkono.

Baba yako.

*

Tarehe 5 Septemba

Kwako binti,

Mimi si mwandishi wa barua. Nakuandikia kwa sababu baba yako hajakuandikia, na nadhani hataandika kwa muda.

Bahasha yako niliifungua siku ya tatu. Nimeisoma. Sina la kukujibu juu ya hayo uliyoyaandika, na sijui lini nitakuwa nalo.

Kituoni alisema yote. Hakupunguza. Askari alimuuliza mara mbili kama anaelewa maana ya anachokisema, akajibu kwamba anaelewa. Maelezo ya zamani yamefutwa, yameandikwa mapya, na faili limepelekwa juu. Wanasema ataitwa mahakamani, siku haijapangwa. Mwenyekiti wao ametia sahihi naye. Wamekubaliana kwamba mlimani hapatarushwa kitu tena. Mimi sikuwaomba hilo.

Kutoka kule nilikwenda kaburini. Nilikaa mpaka jua likanichoma, nikamwomba radhi mume wangu. Hayo ni yangu, sitakuandikia zaidi.

Lakini kuna jambo lazima ulijue. Pale kituoni kuna ngazi sita za kushukia barabarani, hazina pa kujishikiza. Mimi nilitangulia kushuka. Nilipogeuka nilimwona yuko juu kabisa, amesimama, anatafuta kwa ncha ya kiatu. Watu wanampita kulia na kushoto, na kila anayempita kulia anamshtua. Nilimtazama. Sitakuficha, nilimtazama kwa muda mrefu, na niliyoyawaza wakati ule hayaandikiki. Askari wa mlangoni akaanza kunitazama mimi.

Nikapanda. Nikamshika mkono, nikamhesabia ngazi mpaka chini, moja hadi sita. Hakusema asante, na nilifurahi hakusema. Nikamkalisha kwenye basi la kwenda kwenu, nikamwambia kondakta amteremshe mahali gani. Kisha nikaenda zangu kwa miguu.

Sitarudia. Njoo umchukue.

Mke wa Sekunde.